Mwezi ni Mmoja Tu

"Mwezi unatufuata," alisema Mwihaki, na rula ikatua juu ya vidole vyake.

Mwaura hakubandua macho barabarani. Usukani ulikuwa mkono mmoja, rula mkono wa pili, na foleni ya Lower Kabete Road haikuwa ikisonga, kwa hivyo nafasi ya kuchapa alikuwa nayo tele.

"Sema tena."

Mwihaki alichungulia kioo cha pembeni. Mwezi ulikuwa mle, mweupe kama kucha, saa mbili asubuhi. Ulikuwa umetoka nao nyumbani Kitisuru, ukapita nao getini, na sasa ulikuwa kwenye foleni pamoja nao. Angesemaje vingine?

"Uko mbali," akanong'ona. "Ni kama unatufuata kwa sababu uko mbali sana."

"Mbali gani?"

"Kilomita laki tatu themanini na nne elfu."

"Vizuri, mama."

Philister, aliyekaa nyuma na chupa ya chai mapajani, alikohoa. Yeye ndiye aliyemwogesha Mwihaki, akamlisha na kumfunga kamba za viatu kila asubuhi. "Bosi, si umpee chai kwanza. Leo umenikataza kumlisha, na tangu jana hajakula kitu."

"Atakunywa akipita."

Mara ya kwanza Mwihaki alikuwa ameanguka mtihani vibaya. Bi Nzuki, mwanamke mpole mwenye ofisi huko Parklands, alimwomba tu azungumze kidogo, naye akamwaga yote: kwamba jua hulala nyuma ya vilima vya Ngong, kwamba nyota ni matundu ya misumari kwenye mabati ya Mungu, na mvua huvujia hapo. Bi Nzuki aliweka kalamu chini. "Bado," alimwambia Mwaura. "Mlete tena baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu hiyo, Mungu tu ndiye ajuaye. Nyota ikikosewa, chai ilimwagwa kwenye sinki. Mwezi ukikosewa, rula. Philister alisikia vilio akiwa jikoni anakata sukuma, akainamisha kichwa, maana kazi ni kazi. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na Mwaura mwenyewe alilelewa kwa rula. Hakujua ualimu mwingine.

Lakini rula haikuwa kitu. Kilichomtisha Mwihaki ni nyumba. Aliipenda nyumba ile hadi unamwonea huruma: kitanda chake kando ya dirisha, paka wake, sauti ya Philister akiimba jikoni. "Ukianguka tena," Mwaura alimwambia kila jioni, "nakupeleka kwa masista. Huko mnalala watu ishirini chumba kimoja, na hakuna kurudi. Ukipita, unabaki hapa. Hakuna mtu atakutoa."

Basi Mwihaki alisoma. Alisoma hadi akawa anataja sayari usingizini.

Kule Parklands, Mwaura alikaa kwenye kona, miguu haitulii, Philister kando yake na chupa ya chai. Bi Nzuki alimsaidia Mwihaki kuketi, akazisifu soksi zake nyekundu, kisha akaanza.

"Nyota ni nini?"

"Ni jua za mbali. Zinawaka zenyewe."

"Na mchana huenda wapi?"

"Haziendi popote. Mwangaza wa jua ndio unazificha."

"Na jua lenyewe, hulala wapi?"

Mwihaki alitabasamu, pengo la meno ya mbele likaonekana. Ngong ilimjia mdomoni, akaimeza. "Jua hailali. Ni sisi tunazunguka."

Mwaura alishusha pumzi.

"Safi kabisa. Swali la mwisho. Huu ni mwezi gani?"

Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Siku tisini za nyota na sayari, na bwana mkubwa hakukumbuka kufundisha kalenda! Mwihaki alitazama vidole vyake, alama za rula bado nyekundu, akainua kichwa.

"Mwezi ni mmoja tu," alisema kwa sauti imara. "Hakuna mwingine."

Mwaura alifumba macho.

Kisha Bi Nzuki akacheka mpaka akavua miwani. "Huyu ananichezea mimi! Bwana Mwaura, huyu akili zake zinashinda zangu." Akaandika barua, akaigonga muhuri.

Mwihaki alilia kwa furaha pale pale kitini. "Philister, nimepita! Twende nyumbani."

"Twende," alisema Mwaura. "Lakini tupitie Kilimani kwanza, dakika kumi tu."

Kilimani, wakili mmoja aitwaye Jamleck aliisoma mara mbili barua ya Bi Nzuki, iliyosema akili za Mwihaki ni timamu, akatandaza karatasi mezani. Mwihaki alikamata kalamu kwa ngumi, akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi nje, kila mahali Mwaura alipomwonyesha. Alipomaliza aliuliza kama sasa anaweza kunywa chai. Philister akammiminia.

Mwaura alikuwa ameshageukia dirisha, simu sikioni. "Sista, tunakuja. Tutafika kabla ya saa kumi. La, hatutarudi nyumbani tena, nguo zake zote ziko kwa buti ya gari."

Jamleck alipuliza wino ukauke, akampa Mwaura mkono.

"Hongera, nyumba ni yako sasa. Una bahati, Mwaura. Wenzako wote hungoja mama azikwe kwanza."