Kichuguu cha Ngiri

Ngiri alipenda kelele kuliko viazi. Akafungua baraza la wanyama kando ya kichuguu, akaweka sheria moja: atakayejibiwa na wengi ndiye atakayepanda juu ili asikike na wote.

Kanga, mwenye macho makali, akasema, "Jamani, Mamba amehamia bwawani."

Waliokuwa karibu naye walisikia, wakaamini, wakanyamaza. La kubishana halikuwepo.

Nyani akasema, "Twiga ana shingo kama mpini wa jembe!"

Loo! Walijibu wote, wengine mara mbili. Nyani akapanda. Jioni ile Swala alirudi kutoka bwawani bila mkia.

Kesho yake Kanga akapiga goti mbele ya baraza. "Shikamooni, wazee wangu!"

Nani akatae uzee wa bure? "Marahaba!" wakaitikia wote. Kanga akapanda kichuguu. "Bwawani kuna Mamba, msiende!" Safari hii walisikia wote, wakahamia kunywa mtoni.

Lakini ujanja ule ulipendwa mno. Siku iliyofuata hakuna aliyeleta habari. Kila mmoja alileta shikamoo. Hata Tembo alimpigia goti Panya.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Panya, akijikohoza kizee.

Ndipo sauti nzito ikatoka nyuma ya umati: "Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba!" wakaitikia wote kabla ya kugeuka.

Alikuwa Mamba, aliyekosa wageni bwawani.

"Sheria ni sheria," akasema Ngiri. "Mpisheni apande."