Gundi Kwenye Tundu la Oili

Uvumi ulimkaa mama kooni kama mwiba wa samaki: binti yake, fundi, ameua injini ya teksi ya watu. Akaacha vyombo na povu lake, akakimbilia gereji.

Mwenye teksi alikuwa anafoka. "Umebadilisha oili juzi, leo inagonga!"

"Mama, lete kidole," binti akasema. Injini ilikuwa imeshafunguliwa; akakipitisha kwenye beringi ya shafti ya juu, ile inayofungua valvu. Ukucha ukakwama kwenye mikwaruzo. "Imesagika kavu. Oili haifiki hapa."

Akachokoa tundu la oili kwa waya. Kikatoka kipande cha gundi nyekundu.

"Mimi nilibadilisha oili tu. Gundi ya nani hii?"

Mwenye teksi akashusha sauti. "Shemeji yangu alipaka kidogo kwenye kifuniko cha injini, oili ilikuwa inavuja…"

"Kidogo hicho!" binti akamwonyesha kipande.

Njia ikazibuliwa, shafti na beringi mpya zikafungwa. Injini ikawaka kimya hata saa ya ukutani ikasikika. Mama akapiga kigelegele, gereji nzima ikageuka.

Nanyi wenye magari, sikieni:

Msipake gundi kama siagi.

Msiendeshe taa ya oili ikiwaka.

Msiongeze redio ili msisikie injini ikigonga.

Msimseme mtoto wa mtu kabla injini haijafunguliwa.