Bomba Kwenye Jaruba la Nyamizi

Mgeni, mtaalamu wa kilimo, alitokea bila taarifa na bomba lenye matundu la kupimia maji, akalisimika kwenye jaruba la mpunga la Nyamizi, si la jirani yake Tabia.

"Tope likikauka kidogo halitoi gesi chafu, na mpunga haudhuriki," alisema.

"Shoga, naenda kumuuguza mama. Usifungulie maji mpaka yashuke chini ya alama bombani," Nyamizi aliomba.

"Sitafungulia. Siku hizi hata tope lako linapokea wageni!" Tabia alijibu kwa wivu.

Maji ya Tabia hupitia jaruba hilo. Zamu yake ya maji ilipofika, mpunga wake ulishakunja majani kwa kiu. Akachungulia bombani. Maji yalibakiza upana wa kidole kimoja kushuka hadi kwenye alama.

"Aliyekuleta hata jina langu hakuuliza," aliliambia bomba.

Akaketi kando ya lango la maji lililofungwa, akisikiliza maji ya zamu yake yakiteremka kwa wengine.