Mwenye Nyumba Amezimia

"Msiguse kitu chochote," Bi Nakala alisema kwenye simu. "Fundi atafika hapo kabla chai yako haijapoa."

Katibu wa hospitali akashusha pumzi. Hata akiwa likizo, yule mama alikuwa na majibu yake ya mkato. Chai yenyewe ilikuwa mezani, hajaigusa. Nje ya dirisha foleni ya wagonjwa ilikuwa imejikunja hadi kwenye ngazi, maana mafaili yote yalikuwa ndani ya seva, na seva ilikuwa kimya tangu asubuhi.

Seva ile ilikuwa moja kwa macho tu. Ndani yake zilikaa kompyuta kadhaa zisizoonekana, kama wapangaji katika nyumba moja: ya duka la dawa, ya maabara, ya picha za eksirei. Wapangaji walikuwa wazima, kila mmoja kwenye diski yake. Aliyekufa ni mwenye nyumba, yaani diski ya mfumo, anayeshika funguo na kuwaamsha wengine. Bila yeye, wote wamefungiwa ndani.

Ni mwenye nyumba huyo aliyemletea fundi wa kompyuta jina la Bi Nakala. Kila Ijumaa fundi alimnakili mzimamzima kwenye diski ya akiba, kisha akaenda kuihifadhi kwenye jengo jingine. Katibu ndiye aliyembandika jina hilo, na kwa utani hakuwa na mpinzani. "Mtu mzima wa afya, unampiga picha kila wiki ya nini?" Bi Nakala hakuwa mtu wa kucheka. Alimtazama tu juu ya miwani, akaendelea na kazi.

Daktari wa upasuaji aliingia bila kubisha.

"Nina bibi wa watu, nyonga imevunjika. Picha yake imo humo. Nimkate kwa kubahatisha?"

"Bi Nakala anakuja."

"Si amekwenda kwao kumwona mama yake?"

"Kasema kabla chai haijapoa. Unamjua, hana neno la bure."

Na kweli, kikombe kilikuwa bado kinafuka alipotokea mlangoni, miwani usoni, mkoba begani. Nyuma yake mlinzi wa getini alikuwa akimtania kwamba likizo imemshinda.

"Haya," alisema, "mgonjwa yuko wapi?"

"Chumbani kwake."

"Tangulia wewe."

Katibu akatangulia, kichwa chini, kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Aliona ndiyo adhabu yake imeanza.

Kwenye chumba cha mashine mwanamke alipiga magoti, akatoa bisibisi, akaing'oa diski iliyokufa kama jino bovu. Akapachika mpya mahali pake, akakung'uta mikono.

"Diski ya akiba iko wapi?"

"Si uliiweka mwenyewe?"

"Sijauliza nani aliiweka."

Katibu akaona haya. Ilikuwa kweli: siku fundi hayupo, nani angejua? Akaumiza kichwa hadi akakumbuka stoo ya mashuka, jengo la pili. Alikwenda mbio, tai ikimpepea begani, akapekua rafu mpaka ya juu kabisa, akarudi akihema na diski imeviringishwa ndani ya foronya.

Mwanamke akaichomeka, akabonyeza hapa na pale. Kwenye kioo mstari mwembamba ukaanza kutambaa. Sasa ilibaki kungoja tu. Katibu akakaa juu ya boksi, akiuangalia mstari ule kama mtu anayeangalia maji yakichemka.

"Dada," alisema mwishowe, "unisamehe kwa yale maneno ya kila Ijumaa."

"Maneno gani?"

Moyo mkubwa ulioje, katibu akawaza. "Yale ya utani."

"Hebu yarudie, niyasikie vizuri."

Akayarudia yote, moja baada ya jingine: ya kupiga picha wazima, ya kubeba miavuli miwili, ya kwamba hata mume angemtafutia wa akiba. Mwanamke alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, katibu hakuwahi kuyaona meno yake.

"Na mimi huwa nakujibu nini?"

"Hunijibu."

"Kosa kubwa sana hilo."

Mstari ukajaa. Akaizima seva, akaiwasha tena. Katibu akafumba macho. Alipoyafumbua, mwenye nyumba alikuwa ameamka na anagonga milango: duka la dawa likaitika, maabara ikaitika, na mwisho, kwa kusuasua, picha za eksirei. Muda si mrefu simu ikapigwa kutoka chumba cha upasuaji. Nyonga ya bibi inaonekana, vizuri kabisa, na bibi mwenyewe anauliza kwa nini amecheleweshwa.

Katibu akapiga makofi. Alimrudisha fundi ofisini, akamvutia kiti kilicho bora, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke akalivuta bakuli la sukari, akatia kijiko, akatia kingine, akatia kingine.

"Wewe si umekatazwa sukari?"

"Leo sijakatazwa."

Katibu akacheka. Hakujua kama Bi Nakala alikuwa na raha namna ile, na akajiapiza kimoyomoyo kwamba kuanzia Ijumaa ijayo diski ya akiba ataibeba yeye mwenyewe hadi stoo.

Simu yake ikalia mezani. Akaitazama, akamtazama mwanamke aliyeketi mbele yake, aliyekuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili akipuliza mvuke. Akaipokea polepole.

"Bosi, samahani, huku kwa mama mtandao unakatika," ilisema ile sauti kavu aliyoizoea. "Yule pacha wangu ameshafika, au bado yuko getini anawauliza walinzi njia?"