Mwiba wa Kishungi

Kishungi alizaliwa tetea, lakini sasa aliwika na kuishi kama jogoo. Siku moja mwiba wa samaki ulimkwama kooni, akakimbilia kwa mganga Korongo.

Korongo akamkazia macho. "Jana tetea, leo jogoo? Unaficha kitu wewe. Inua mkia nione."

"Mwiba uko kooni, mganga. Nashindwa kupumua."

"Mkia kwanza!"

Bata, aliyekuwa akicheka kwenye foleni, akanyamaza ghafla. "Mimi naumwa jicho. Nikiingia, utanikagua wapi?"

Bata akamgeukia Kishungi. "Panua mdomo, kaka." Akauchomoa mwiba.

Foleni yote ikamfuata Bata. Korongo, Mungu atusamehe wenye macho kama yake, akabaki mlangoni akimshuku kila aliyepita.