Sufuria ya Watu Kumi

Ujenzi wa bwawa ulibakiza wiki mbili. Kwenye semina ya mama lishe, bwana wa halmashauri alishauri wapunguze sufuria kabla wateja hawajapungua. Kesho yake Mama Nyamizi, mmoja wao, akaja pale kwenye ujenzi na sufuria ya watu kumi.

"Mama, leo unampikia paka?" alitania Masalu, fundi wa kuchomelea. Foleni nzima ikacheka mpaka kofia ngumu zikagongana.

"Najizoesha, mwanangu."

Masalu alikuwa wa kumi na moja. Wali ulipoisha mbele yake, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Sasa tukishaondoka, utampikia nani?"

Mama Nyamizi alifunika sufuria tupu, taratibu. "Nitajipikia mwenyewe."

Hakuna aliyeondoka. Walibaki wamesimama juani, kila mtu na sahani yake, kama wanaosubiri kuitwa majina.