Kumbatio la Madam

Madam alipanua mikono akamkumbatia Frida palepale kwenye korido, hata abaya hajaivua. Frida hakujua mikono yake aiweke wapi. Katika nyumba ile ya Al Barsha, alikofanya kazi za ndani, alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, na kwa miaka minne Madam hakuwahi kumgusa hata bega.

Ugonjwa humbadilisha mtu, alijisemea. Asubuhi hiyo Madam alikuwa hospitali kupigwa picha ya saratani. Alidungwa sindano ya sukari yenye mionzi, ile inayokimbilia kwenye uvimbe na kuung'arisha pichani, kisha akaingizwa kwenye mashine waone umesambaa wapi. Matibabu yangechukua mwaka mzima, na Madam alishatangaza kwamba hataki kuhudumiwa na mtu mwingine yeyote ila Frida.

Tangazo hilo ndilo lililomkosesha Frida raha. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. Yeye na mumewe Joachim, aliyefanya kazi kwenye ghala kule Al Qusais, waliitafuta kwa miaka tisa, na mimba mbili za mwanzo ziliharibika. Hii aliiombea kila siku. Angemwambiaje Madam kwamba baada ya miezi michache atamwacha na ugonjwa wake arudi Bukoba kujifungua?

"Njoo ulale na mie," Madam alisema, kwa Kiswahili cha Unguja alichorithi kwa bibi yake. "Leo siwezi kuwa peke yangu."

Nyumba ilikuwa kimya. Watoto walipelekwa Sharjah kwa shangazi yao tangu asubuhi, na Frida aliona ni vyema wasimwone mama yao akiwa hoi. Kitandani Madam alimkumbatia kwa nyuma, kifua chake kikagusa mgongo wa Frida, mkono ukatulia tumboni. Kila Frida aliposogea kidogo, alivutwa tena.

Jamani, nani asingelainika? Frida alimhurumia mpaka machozi yakamtoka. Akaona kuendelea kumficha mama wa watu ni dhambi.

"Madam, nina mimba."

"Nshajua. Tangu juma lile ulipotapika kwa harufu ya samaki."

Frida alilia kwa furaha. Alishukuru mpaka maneno yakamwishia, akaubusu ule mkono, akaahidi kumtafutia mtu mwaminifu wa kushika nafasi yake. Basi Frida akataka kuinuka akapike, watoto wasije wakarudi na njaa.

"Hawarudi mpaka magharibi," Madam alisema, akimvuta. "Hospitali wamenambia kwa saa sita baada ya ile sindano nisikae karibu na watoto wala mwenye mimba. Lala, Frida. Zimebaki tatu."